Maji ya Ubongo Kuvuja Puani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Vivimbe Visivyo Saratani kwenye Sakafu ya Fuvu

Haya ni maswali ambayo wagonjwa na ndugu zao hutuuliza sisi wauguzi wa kliniki ya masikio, pua na koo, mengi yakiulizwa mlangoni daktari akiwa ameshaita mgonjwa mwingine. Majibu hayachukui nafasi ya daktari wako. Na kama una homa kali pamoja na shingo kukakamaa, usiendelee kusoma: nenda hospitali sasa hivi.

## Mambo ya mwanzo

Maji ya ubongo yanafikaje puani?

Ubongo unaelea ndani ya maji maangavu, na maji hayo hayo hushuka kuuzunguka uti wa mgongo. Mtu mzima huwa na takriban mililita 150 kwa wakati mmoja, yaani kama nusu ya soda ya chupa, lakini mwili hutengeneza karibu mililita 500 kila siku na kuyanyonya yaliyotangulia. Ndiyo maana mtu anaweza kuvuja miezi mingi bila kuishiwa.

Ubongo umekaa juu ya sakafu ya fuvu. Baadhi ya sehemu za sakafu hiyo ni nyembamba kama ganda la yai, na chini yake pana vyumba vya hewa vinavyofunguka puani, ambavyo ndivyo sainasi. Kinachotenganisha maji na hewa ni mfupa na utando wa ubongo. Vyote viwili vikitoboka mahali pamoja, maji yamepata njia.

Tobo linaweza pia kuwa upande wa sikio. Ngoma ya sikio ikiwa nzima, maji hushuka kupitia mrija unaounganisha sikio na koo, kisha hutokea puani vilevile. Kwa hiyo pua inayovuja haimaanishi kila mara kwamba tobo liko puani.

Nitayatofautishaje na mafua au aleji?

Mafua huziba pua zote mbili, huja na kamasi zito, kisha huisha. Maji ya ubongo kwa kawaida hutoka tundu moja tu, ni maangavu kama maji ya kunywa, na huongezeka ukiinama. Wengi huhisi ladha ya chumvi kooni, hasa wakilala chali. Kitambaa kilicholowa kamasi kikikauka huwa kigumu. Kilicholowa maji haya hubaki laini.

Kuna mama lishe mmoja ambaye sitamsahau. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akipewa vidonge vya aleji. Alichotuambia ni hiki: kila akiinamia jiko asubuhi, tone moja linadondoka juu ya mfuniko wa sufuria ya moto na kulia "chwii", na daima linatoka tundu la kushoto. Aliitoa kanga yake, pembe aliyokuwa akijifutia imekauka na bado laini. Maelezo yake hayo yalitufaa kuliko karatasi zote alizokuja nazo. Ukienda kwa daktari, eleza hivyo hivyo: tundu lipi, ukifanya nini, tangu lini. Wengine huyagundua wakiwa wamesujudu, wengine wakifagia au wakifunga kamba za viatu.

Nimeambiwa nina "kitu kidogo kisicho saratani". Ni kitu gani hasa?

Uvujaji mwingi husababishwa na ajali ya kichwa au upasuaji. Ukurasa huu unahusu wale wachache ambao hawakuanguka wala kupasuliwa, ila kuna kitu kimeidhoofisha sakafu ya fuvu polepole. Vitu hivyo ni vya namna nyingi.

Kinachoonekana zaidi ni ngiri ya ubongo: utando wa ubongo, mara nyingine pamoja na kipande cha ubongo chenyewe, umesukumwa na kuning'inia ndani ya sainasi kupitia upenyo wa mfupa. Kwa macho matupu unaweza kudhani ni nyama ya kawaida ya pua. Kuna pia vijishimo vinavyochimbwa na vichipukizi vya utando wa ubongo. Kazi ya vichipukizi hivyo ni kurudisha maji kwenye damu, lakini vikiota mahali pasipo na mshipa wa kuyapokea, hupigapiga mfupa miaka na miaka mpaka ukatoboka. Osteoma ni uvimbe wa mfupa mgumu, hasa kwenye sainasi ya paji la uso, ambao unaweza kuchana utando ulio juu yake. Kolestiatoma ni mfuko wa ngozi iliyokufa unaokua ndani ya sikio na kula mfupa. Yupo pia ugonjwa nadra sana wa Gorham na Stout, ambamo mfupa huyeyuka na nafasi yake kuchukuliwa na mirija ya damu na limfu.

Kisha kuna ekodosisi fisalifora. Hiyo inastahili swali lake.

Ekodosisi fisalifora ni ugonjwa gani? Jina lenyewe limenitisha.

Jina ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Mtoto akiwa bado tumboni, katika majuma ya mwanzo kabisa, huwa na kamba laini inayopita katikati ya mgongo, notokodi. Mifupa ya uti wa mgongo hujengeka kuizunguka, nayo hufifia. Lakini kwa watu takriban 2 katika kila 100, kipande chake kidogo hubaki, na mahali kinapopendelea ni kwenye klivasi: mteremko wa mfupa ulio nyuma kabisa ya pua, mbele ya shina la ubongo. Ni tone la ute lililoshikwa na kikonyo, mara nyingi dogo kuliko sentimeta 2.

Wataalamu wa Ujerumani walilibishania. Mwaka 1857 Rudolf Virchow alilitazama kwa hadubini, akaona seli zilizojaa mapovu, akadhani ni gegedu. Mwaka uliofuata Müller akasema hapana, hili ni salio la notokodi. Hugo Ribbert ndiye aliyelipa jina tunalolitumia leo, mwaka 1894. Neno "fisalifora" limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ni "lenye kubeba mapovu".

Karibu wote walio nalo huzeeka nalo bila kujua. Kwa wachache sana kikonyo hupenya klivasi na kufungua njia mpaka kwenye sainasi ya sfenoidi, iliyo mbele yake. Hapo ndipo maji huanza kutoka.

Kama nimezaliwa nacho, mbona kinavuja sasa nikiwa mtu mzima?

Kwa sababu mfupa huliwa kidogo kidogo. Kila pigo la moyo huyasukuma maji ya ubongo, na kila kikohozi, chafya au kujikamua chooni huongeza msukumo. Siku ya siku utando unaachia. Wengine huweza kukutajia hata saa: "nilipiga chafya kubwa, maji yakaanza."

Msukumo wa ndani ya kichwa ukiwa juu wakati wote, mfupa huchoka mapema zaidi. Hali hiyo huonekana sana kwa wanawake wenye uzito mkubwa, wa umri wa kati. Namna inavyotibiwa imeelezwa kwenye swali la presha ya kichwa, chini kule.

## Vipimo

Nimepewa kichupa nikinge maji. Ya kazi gani?

Ya kutafuta protini iitwayo beta-2 transferini. Protini hiyo imo kwenye maji ya ubongo, na pia kwenye maji ya ndani ya sikio na ya ndani ya jicho, lakini haimo kwenye kamasi. Ikionekana kwenye ulichokinga puani, shaka imekwisha. Si kila maabara inayo, hivyo sampuli yako inaweza kusafirishwa mbali.

Nusu mililita mpaka mililita 1 inatosha. Keti kitini, inamisha kichwa katikati ya magoti, shika kichupa chini ya tundu linalovuja na usubiri. Usijikamue wala kupenga. Asubuhi baada ya kuamka ndiyo saa nzuri, kwa kuwa maji hujikusanya sainasi usiku. Yasipotoka leo, jaribu kesho. Usiongezee maji ya bomba ili kijae, kama alivyofanya kijana mmoja kwa nia njema kabisa.

Kipimo cha sukari hakitoshi?

Hakitoshi. Machozi na kamasi navyo huwa na sukari, hasa kwa mwenye kisukari, kwa hiyo jibu linaweza kukudanganya. Hali kadhalika ile alama ya duara jepesi kuzunguka doa la damu kwenye shuka: machozi yakichanganyika na damu huifanya vilevile.

Nimeshapiga CT. Kwa nini wanataka na MRI, na bei yake ilivyo?

Najua gharama inauma. Lakini vipimo hivi viwili havioni kitu kimoja. CT ya vipande vyembamba, chini ya milimita 1, huonyesha mfupa na tobo lake. MRI huonyesha kilichopita kwenye tobo: ni maji matupu, ni ubongo, au ni uvimbe? Anayekwenda kuziba tobo bila kujua kinachoning'inia ndani yake anaweza kukata asichopaswa kukata. Ukiwa umepigwa CT ya kawaida ya kichwa baada ya kuumwa kichwa, muulize daktari kama vipande vyake ni vyembamba vya kutosha kabla ya kulipia nyingine.

Tobo lisipoonekana bado, kuna njia ya kuchoma dawa ya rangi kiunoni ndani ya maji ya uti wa mgongo. Fluoresini, kwa kipimo kidogo sana, huyafanya maji yang'ae rangi ya kijani puani wakati daktari anapochungulia kwa kamera. Kipimo kikizidi inaweza kuleta degedege, hivyo ni kazi ya waliozoea.

Wanajuaje kwamba si saratani?

Swali hili ndilo linalowanyima watu usingizi, na kwa ekodosisi lina msingi. Ipo saratani adimu, kodoma, inayotokana na notokodi hiyo hiyo na kuota kwenye klivasi hiyo hiyo. Chini ya hadubini hufanana sana, na hata rangi ya maabara ya kutafuta protini ya brakyuri hushika kote kuwili. Mtaalamu wa patholojia akipewa kipande kitupu bila picha anaweza kukwama.

Picha ndizo zinazosaidia zaidi. Ekodosisi ni ndogo, huwa na kikonyo cha mfupa, hung'aa kwenye MRI ya aina ya T2, na kwa kawaida haibadiliki ukichomwa dawa ya kuonyesha mishipa. Kodoma kwa kawaida huinyonya dawa hiyo, huvunja mfupa kwa upana, na huendelea kukua. Ndiyo sababu hata baada ya kutibiwa utaitwa kupiga MRI tena: kutokukua kwake ni ushahidi.

Si wangechukua kinyama puani kwanza, tukajua moja?

La. Kinachoonekana kama nyama ya pua kinaweza kuwa ngiri ya ubongo. Kukinyofoa kliniki ni kufungua ubongo. Nyama ya upande mmoja tu, inayopwita au kuvimba mtu anapokohoa, haiguswi kabla ya picha.

## Hatari

Hatari yake kubwa ni nini, kama hakinisumbui?

Ni homa ya uti wa mgongo. Kidude chenyewe si adui mkubwa. Adui ni tobo. Puani na kooni kuna bakteria wengi, akiwemo nimokoka anayeleta nimonia, na tobo ni mlango wao wa kuingia kwenye ubongo. Wengine hugundulika hivyo: wamelazwa na homa ya uti wa mgongo mara ya pili au ya tatu, ndipo mtu anauliza, "pua yako huwa inatoa maji?"

Nenda hospitali mara moja ukiona homa pamoja na kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, macho kuogopa mwanga, kutapika, kuchanganyikiwa au degedege. Waambie wa mapokezi kwa sauti kwamba una uvujaji wa maji ya ubongo. Usisubiri foleni.

Nimeze antibiotiki kila siku kujikinga?

Hakuna ushahidi mzuri kwamba inasaidia, na unaweza kuwazoesha bakteria dawa. Kinachopendekezwa ni chanjo ya nimokoka. Aliyechanjwa kwa ajili ya Hija asidhani amemaliza: ile ni ya meningokoka, bakteria mwingine.

Kichwa huuma nikisimama, nikilala kinapoa. Kuna uhusiano?

Unaweza kuwepo, kwa kuwa maji yakipungua ubongo hukosa mto wake. Ila uvujaji unaoumiza kichwa namna hii mara nyingi hutokea mgongoni kuliko puani. Mwambie daktari. Kichwa kinachouma zaidi asubuhi ukiwa umelala huashiria kinyume chake, msukumo uliozidi.

## Matibabu

Haliwezi kujiziba lenyewe?

Tobo la ajali, ndiyo, mara nyingi kwa kupumzika siku kadhaa. La kidude kinachokula mfupa mara chache sana. Maji yakikatika wiki mbili usifunge faili: huenda kipande cha utando kimekaa juu ya tobo kama kizibo, na bakteria bado wana njia.

Upasuaji unafanywaje? Watanipasua kichwa?

Siku hizi mara nyingi hapana. Walter Dandy, Marekani, mwaka 1926 aliziba tobo la namna hii kwa kufungua fuvu na kushona utando uliotolewa pajani. Kwa miongo mingi iliyofuata wagonjwa wengi walipitia njia hiyo. Mwaka 1981 Malte Wigand wa Ujerumani akaonyesha kwamba mtu anaweza kuingia kwa tundu la pua na kamera. Leo ndiyo njia ya kwanza kwa matobo mengi.

Unalazwa usingizi kabisa. Daktari anafungua sainasi, anasafisha utando mpaka mfupa mtupu uonekane kuzunguka tobo, kisha anaweka viraka kwa tabaka: mafuta au utando kutoka pajani ndani, halafu juu yake ngozi laini ya ukuta wa kati wa pua iliyozungushwa ikiwa bado na mshipa wake wa damu. Mbinu hiyo ya mwisho ilichapishwa mwaka 2006 na madaktari wa Argentina, Hadad na Bassagasteguy, na ilibadilisha mambo, kwa sababu kiraka chenye damu yake hushika haraka kuliko kilichokatwa kikapandikizwa. Matobo zaidi ya 90 katika 100 huzibika kwa mara ya kwanza.

Klivasi ni mahali pagumu kuliko paji la uso: pana kina, na nyuma yake kuna mshipa mkubwa wa damu na shina la ubongo. Kabla ya kusaini fomu, uliza: daktari wa pua na daktari wa ubongo wataingia chumba cha upasuaji pamoja? Wameshafanya ngapi za namna hii? Upasuaji wa ubongo upo hospitali za MOI Dar es Salaam, Kenyatta Nairobi na Mulago Kampala, lakini swali hilo liulize popote. Daktari mzuri halikasirikii.

Watakitoa chote?

Inategemea. Ngiri ya ubongo hukatwa au kurudishwa ndani. Ekodosisi hutolewa inapofikika kwa usalama. Ikiwa imegandana na mshipa, hakuna sababu ya kuhatarisha maisha kwa kitu kisichokua. Kinachopaswa kukamilika ni kuziba.

Baada ya upasuaji nifanye nini?

Wiki za mwanzo kazi yako ni moja, kutokisukuma kiraka. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili mitatu. Usipenge kamasi hata kidogo. Chafya ikija, ipige mdomo ukiwa wazi. Choo kisiwe kigumu: maji, papai, mboga, na dawa ya kulainisha ukiandikiwa. Usibebe kitu cha kilo 5 na zaidi, maana yake ndoo ya maji ni marufuku, na mtoto mgongoni pia. Hapa naongea na kina mama hasa, kwa sababu ndio wanaorudi wiki ya pili maji yakitoka tena, wakituambia kwamba nyumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kuchota. Mje na ndugu siku ya kuruhusiwa, tumweleze yeye.

Anayeswali akae kitini na kuashiria rukuu na sijda kwa kichwa kidogo mpaka daktari amruhusu kuinama. Ndege pia isubiri ruhusa yake, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani ya fuvu hutanuka angani. Mwenye mashine ya kusukuma hewa usiku kwa ajili ya kukoroma aitaje kabla ya upasuaji, kwani inaweza kusukuma hewa kupitia kiraka.

Wamesema presha ya kichwa changu iko juu. Ni ile presha ya damu?

Siyo. Ni msukumo wa maji ya ubongo, na hupimwa kwa sindano kiunoni. Jambo moja linawachanganya hata wahudumu wa afya: tobo likiwa wazi, presha inaweza kusoma kawaida kwa kuwa maji yanatorokea puani. Likizibwa, hupanda. Ndiyo maana kichwa kikianza kuuma au macho kufifia baada ya upasuaji "uliofanikiwa", urudi upesi.

Matibabu ni kupunguza uzito na vidonge vya asetazolamaidi vinavyopunguza utengenezaji wa maji. Vidonge hivyo huleta ganzi vidoleni na kuharibu ladha ya soda. Usishtuke, ila usiviache kimyakimya. Presha isipotibiwa, uvujaji hurudi, wakati mwingine mahali pengine kabisa.

## Hali za pekee

Nilianza vidonge vya kushusha prolaktini, ile homoni ya maziwa, mwezi wa pili pua ikaanza kutoa maji.

Inajulikana. Uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo, unaotoa prolaktini, ulikuwa umekula mfupa na wakati huohuo ukiziba ulipokula, kama msumari kwenye gurudumu. Kabegolini, dawa iliyo kwenye vidonge hivyo, ikiusinyaza, tobo hubaki wazi. Usiache dawa mwenyewe. Piga simu siku hiyohiyo.

Mwanangu ameugua homa ya uti wa mgongo mara mbili. Pua haivuji.

Aangaliwe masikio. Watoto wengine huzaliwa na sikio la ndani lisilokamilika, ambalo lina njia ya moja kwa moja kwenye maji ya ubongo. Kipimo cha usikivu na CT ya mifupa ya masikio vifanywe hata kama anaonekana mzima. Asiyesikia upande mmoja mara nyingi hujulikana akiwa shuleni tu.

Kipimo cha kijiti cha puani kinaweza kutoboa?

Kwenye pua ya kawaida, hapana. Mwaka 2020 iliripotiwa habari ya mwanamke mmoja Marekani aliyeanza kuvuja baada ya kipimo cha korona. Ilipotazamwa CT yake ya mwaka 2017, ngiri ya ubongo ilikuwapo tayari, ikadhaniwa ni ugonjwa wa sainasi. Mwenye ngiri inayojulikana, au aliyewahi kuzibwa tobo, amwambie mpimaji achukue sampuli kooni.

MRI ya jambo lingine imeonyesha ekodosisi, lakini sivuji wala siumwi.

Basi huhitaji upasuaji. Kwa kawaida utapigwa MRI nyingine baadaye kulinganisha, na ikiwa vilevile unaachwa. Tunza CD ya picha hizo mahali pakavu na uandike jina "ekodosisi fisalifora" kwenye daftari lako la kliniki. Siku tundu moja la pua likianza kudondosha maji maangavu, hata kama ni miaka 20 kutoka sasa, daktari utakayemkuta ataanzia hapo badala ya kwenye vidonge vya aleji.